Kilo Themanini

Namba 117 ilitokea kwenye kioo cha kompyuta, ya tatu kutoka juu, na Malimi akaifunika kwa kiganja kana kwamba kuifunika kungeifuta.

Alikuwa peke yake ofisini. Huko chini, upande wa ziwa, kiwanda kilikuwa kikifanya kazi nusu nusu. Ulaya ilikuwa imeacha kununua sangara, na meza nyingi za kukatia minofu zilikuwa kavu. Meneja, kijana wa Kihindi aliyeitwa Jay, alilazimika kupunguza wakataji arobaini. Hakutaka kuwachagua mwenyewe.

"Kompyuta haina mjomba," Malimi alikuwa amemwambia, kwa fahari ya mtu aliyemaliza chuo juzi juzi. "Tuipe namba za wakataji na kilo zao za mwezi mzima. Mwenye wastani wa kilo themanini kwa zamu, au zaidi, imruke. Aliye chini ya hapo, imtoe."

Ilikuwa programu fupi, mistari michache tu ya BASIC, lugha ya kompyuta. Kompyuta ilipitia namba moja baada ya nyingine, ikauliza kila moja swali lile lile: umefika themanini? Haikujua nani ni mjane, wala nani ana shemeji mwenye ng'ombe Misungwi. Malimi aliipendea hilo. Aliamini kabisa kwamba haki, siku ikifika nchi hii, itafika kwa mlango wa namna hiyo.

Lakini 117 aliijua. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye gambuti zilizoanikwa kila jioni mlangoni kwao, Mkolani. Zilikuwa gambuti za Odeta, mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumsomesha kwa kukata samaki.

Kilo sitini na moja.

Akaikumbuka jioni moja ya mwezi uliopita. Odeta alikuwa anasonga ugali. "Ngosha," alimwita, yaani mwanamume kwa Kisukuma, kama alivyozoea kumtania tangu aote ndevu, "hao mtakaowabakiza ni wa kilo ngapi?"

"Themanini, mama mdogo."

Aligeuza ugali polepole. Tangu siku ile alirudi kazini amechoka kiasi cha kusinzia na tonge mkononi. Kumbe alikuwa anaikimbilia themanini, Malimi aliwaza sasa, na umri umemkatalia.

Akaurudia mstari wa nne wa programu, akaongeza sharti dogo: isipokuwa 117. Kompyuta ikatii bila kuuliza. Ikatoa watu thelathini na tisa.

Asubuhi Jay alizihesabu namba zile mara mbili. "Nilisema arobaini, ndugu yangu. Mzee mwenye kiwanda ameshapiga hesabu zake. Usinifanye nikashuke kule chini kuchagua mtu kwa sura."

Malimi akarudi kwenye kompyuta, akapandisha kikomo kutoka themanini hadi themanini na moja. Mtu mmoja akaanguka: 203, aliyekuwa amevuka kwa nusu kilo. Hakumjua. Kule kwenye mizani hawakuandika majina. Mtu huweka sinia lake, hutaja namba, karani huandika, na anayefuata husogea. Malimi akamshukuru Mungu kwamba hamjui, kisha akaionea aibu shukrani ile.

Ijumaa namba zilisomwa uani. Malimi alisimama dirishani, nusu ya uso wake nyuma ya pazia. Alimwona Odeta amekuja na gambuti zake ndani ya mfuko, zimeoshwa, tayari kuzikabidhi. Msomaji alipoipita 117 bila kuitaja, Odeta hakufurahi. Aligeuka huku na huku kama mtu aliyeibiwa sokoni.

"Mia mbili na tatu."

Mwanamke kijana akasogea mbele, akanyoosha mkono wa kushoto kupokea bahasha ya malipo yake ya mwisho. Wa kulia ulikuwa ndani ya kanga.

"Siku hizi tunapokelea kushoto, dada?" karani akamtania. Wenzake mezani wakacheka kidogo. Yule mwanamke akaibana bahasha kwapani, akaondoka.

Jioni Malimi aliusukuma ugali pembeni. Odeta naye hakuwa amegusa wake.

"Mama mdogo, nina neno."

"Sema, baba."

"Ulikuwa miongoni mwa wale arobaini. Nikakutoa."

Alimweleza yote, tangu kiganja kwenye kioo. Alitamani agombezwe. Odeta alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake chini.

"Nani alikutuma?" aliuliza taratibu.

"Hakuna. Ningekuangaliaje?"

"Na arobaini wao walitimiaje?"

"Nilipandisha kikomo kidogo, akaingia mwingine. 203. Kilo zake zilikuwa zinatosha, mama mdogo. Alizitolea jasho, nami nikamnyang'anya. Kesho naenda kwa Jay kumwambia ukweli, hata kama atanifukuza na mimi."

"Ukamwambie nini?"

"Kwamba yule dada aliistahili nafasi yake."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akiitwa aingie ndani.

"Anaitwa Gladness," Odeta alisema hatimaye. "Ana watoto watatu, na mume hana. Kisu kilimkata mshipa wakati wa Kwaresima, vidole havikunjiki tena. Tukaficha, maana mgonjwa wangemtoa wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kupeleka sinia kwenye mizani na kutaja namba." Akaitazama mikono yake miwili, iliyovimba vifundo. "Hizo kilo themanini na nusu, Ngosha, nilikuwa nazikata mimi."