Kuomba Moto

Siku hizi kuta zina masikio kweli: ukilitaja jina la Yesu nyumbani, jiko lako la umeme linazimwa wiki nzima. Nsia alilitaja kila mlo, kwa sauti, akapikia mkaa kibarazani. Jirani yake, Mama Kilave, alimcheka.

"Wenzio tunakula wali, wewe unakula moshi!"

Jumapili ya Pasaka, mchana, hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Kilave, kashika kopo tupu.

"Mwenzangu, naomba moto."

"Jiko lako limefanyaje?"

"Wamelizima. Leo Pasaka, Nsia. Nimeshindwa kunyamaza."

Nsia akamchotea makaa mekundu. Alipofungua mlango kumsindikiza, ngazi zote mpaka chini zilijaa majirani wenye makopo, wanaimba, na hakuna aliyenong'ona.