Sekunde Arobaini

Kidole cha Chiku kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta alipoikumbuka kanuni ya tatu.

Kanuni zao za kuandika programu zilibandikwa ukutani, pale ofisini Mbeya. Ya tatu ilisema: namba isiyoandikiwa sababu ifutwe, lakini kwanza apigiwe simu aliyeiweka.

Namba yenyewe ilikuwa arobaini. Mtandao ukikatika kwenye simu ya mteja, programu ingoje sekunde arobaini urudi, ndipo ikate tamaa. Arobaini zote za nini? Kwenye kompyuta za ofisini, tano zilitosha na kubaki.

Aliyeiweka alishaacha kazi, akarudi kwao Igowole kulima chai. Chiku akapiga. Akapokea mama mtu mzima.

"Shikamoo mama. Mimi Chiku, wa kazini Mbeya. Namuomba mwanao."

"Marahaba, mwanangu. Yuko kule chini kwenye chai, ngoja nimwite. Ila usikate, eeh? Simu siitoi hapa dirishani. Nikiisogeza tu, mtandao umeondoka."

Ukapigwa ukelele mrefu. Mbwa akabweka. Kisha zikasikika buti za mpira zikija mbio, kwa mbali, zikizidi kukaribia. Chiku alikuwa akitazama saa kwenye kioo cha kompyuta.

"Haloo?" Mtu anahema. "Chiku? Kuna tatizo?"

Sekunde thelathini na nane.

"Hakuna, kaka. Nilitaka kukusalimia tu."

Walipoagana, akaandika pembeni ya ile namba: *Usipunguze. Kuna mtu anakimbilia dirishani.*