Tawi la Chini Kabisa

Kwa mara ya tatu kompyuta ililinganisha vinasaba vya vyura na kuchora undugu wao, na kwa mara ya tatu ikamweka yule chura wa kahawia peke yake, kwenye tawi la chini kabisa, mbali na wenzake arobaini.

Mtafiti akampigia simu bosi wake.

"Yuko palepale, Profesa. Safari hii nimepima mwenyewe, kwa glavu mpya."

"Basi sampuli imeingia uchafu, binti yangu. Hakuna kiumbe anayeota tu kama uyoga, na hata uyoga una ndugu." Akacheka. "Mtoe, unitumie mchoro kabla ya saa sita. Ukikaidi, na jina lako nitalitoa kwenye makala."

Makala ile ilikuwa miaka yake minne ya kulala kwenye hema.

Alimtoa chura kwenye chupa ya spiriti, akamlaza kiganjani. Hakuzidi kidole gumba. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa na vidole vinne. Cha tano alikikata yeye, ili apate cha kupima. Jioni alipomkamata chemchemini, chura alilia, akanyamaza kama anayesubiri jibu, akalia tena.

Watafiti wenzake walipita mlangoni wakienda kunywa chai. Hawakugonga, walishazoea kumwacha peke yake.

Akafungua barua pepe, akaambatisha mchoro wenye matawi yote arobaini na moja, akaweka anwani za watafiti wote wa makala ile ili asiwepo wa kumfuta chura kimyakimya.

"Profesa," akaandika, "huyu nimemwacha palepale. Nitoe mimi."