Siki kwenye Chungu cha Marehemu

Mzee Kiluwa alimkuta Siwema, mke wa mwanawe, ameinamia chungu cha mkranberi, akimimina kitu kutoka kikombeni. Harufu ya siki ilimfikia kabla hajakaribia.

Mmea ule wa kigeni, unaotambaa na kuzaa matunda mekundu machachu, ulikuwa wa marehemu mkewe. Tangu msiba, mzee aliumwagilia mwenyewe kila asubuhi, lakini majani yalizidi kuwa manjano. Sasa aliona amemjua mbaya wake.

“Kumbe wewe ndiye unayeuua!”

Siwema alishtuka, akasimama. “Hapana, baba. Ni siki kidogo tu kwenye maji. Mama mwenyewe alinionyesha. Alisema mmea huu unataka udongo mchachu, na maji yetu ya bomba hauyawezi.”

“Mbona mimi hakuniambia?”

Siwema aliinamisha macho. “Alisema hukuwahi kumuuliza.”

Maneno hayo yalimchoma mzee, na papo hapo akayatilia shaka. Nani angeyathibitisha, na mwenyewe yuko kaburini?

“Onja,” akaamuru.

Siwema alipiga funda moja bila kusita, uso ukamkunjamana, kisha akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili. Mzee alikipokea, akanusa tena. Akamtazama mkwewe, akayatazama majani. Hatimaye akapiga magoti kwa taabu kando ya chungu, akakiinamisha kikombe, maji yakafika ukingoni, na mkono wake ukasita hapo hapo.