Mbegu Safi Haina Mteja

Mteja wa tatu wiki hiyo aliondoka mikono mitupu, na Damasi akaitupa chini sufuria ya uji wa mbwa mpaka ikabonyea.

"Ameenda kwa Sadock," alimwambia mkewe. "Wote wanaenda kwa Sadock."

Redempta aliiokota sufuria, akaenda kuiosha.

Damasi hakuelewa kabisa. Wale watoto sita wa mbwa walikuwa Jamani Shepadi, mbwa wa Kijerumani wa mbegu safi, baba Arusha, mama Arusha, masikio yameanza kusimama mapema kuliko kawaida. Mama yao aliletwa na Hilary, mdogo wake Damasi. Alimshusha nyumbani kwao pale Bagara akiwa tayari na mimba, bila kuombwa na mtu, akageuza gari. Tangu watoto wazaliwe, Damasi alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anawapikia pumba na dagaa, anawaogesha, anawachana manyoya kwa kitana. Na wateja hawakuwa haba. Babati imeshakuwa makao makuu ya mkoa mpya, watumishi wanahamia kila kukicha, na kila anayemaliza kupaua nyumba yake anatafuta mbwa.

Ila walichokitafuta, kwa jinsi mambo yalivyokwenda, ni machotara wa Sadock kule Maisaka. Sadock alikuwa amelikutanisha dume lake la kishepadi na jike la kienyeji, watoto wakatoka kila mmoja na sura yake: huyu sikio moja limelala, yule mkia umejikunja kama wa nguruwe. Akawabatiza jina, Manyara Spesho. Jina tu. Watu wakawa wanalitaja sokoni kana kwamba Mungu aliwaumba siku moja na simba.

Damasi aliamua kwenda kujionea. Alitembea kwa miguu mpaka Maisaka, na njiani watu wawili watatu walisimama kumtazama. Akamkuta Sadock amezungukwa na wanunuzi, akawaeleza pale pale, mbele ya mwenye mali, kwamba chotara ni bahati nasibu: hujui utapata akili ya nani na miguu ya nani. Mzee mmoja akamjibu kwa upole kwamba chotara hali sana, haugui ovyo, na mwizi akija hachagui wa kumbwekea. Watu wakacheka. Sadock peke yake hakucheka. Alimvuta Damasi pembeni, akamwuliza kama siku hizi anakula vizuri.

Damasi aliona hiyo ni dharau. Alirudi akifoka njia nzima, akaendelea kufoka mezani mpaka ugali ukaisha, akaomba mwingine. Redempta alimpakulia amempa mgongo.

Kesho yake akabadili mbinu. Alibomoa banda akajenga jingine, pana zaidi, lenye sakafu ya mbao. Alimleta bwana mifugo akawachanja watoto wote. Alijifunza kueleza ukoo wao vizuri, babu na bibi, bila kuwatukana mbwa wa watu wengine. Wateja walikuja, wakasikiliza, wakawapakata watoto, wakasema watarudi kesho. Redempta, kama adabu inavyotaka, aliwasindikiza mpaka barabarani.

Hakurudi hata mmoja. Damasi alipokutana nao sokoni, walimpa mkono kwa mikono miwili, wakamwita Baba Tunu kwa heshima zote, huku macho yao yakitazama nyanya.

Akaanza kujishuku mwenyewe.

"Labda nawachosha," alimwambia mkewe jioni moja wakichambua mbaazi. "Labda naongea mno."

Redempta aliacha kuchambua. "Ongea tu, Baba Tunu," alisema. "Usiache kuongea."

Alhamisi akaja Bernadina, mtumishi mgeni aliyepanga nyumba Mutuka. Huyu alikuwa tofauti. Hakuuliza habari za Sadock. Aliingia mwenyewe bandani, akakaa chini kwenye mbao na sketi yake nzuri, na jike moja dogo likampanda mapajani likasinzia. Alimsikiliza Damasi mpaka mwisho: maziwa kiasi gani, dawa ya minyoo lini, asifungwe mnyororo akiwa mchanga hivi. Kisha akasema huyu ndiye wake, anakwenda kuleta kikapu cha kumbebea.

Damasi aliingia ndani haraka kutafuta kitambaa cha kumtandikia mtoto kikapuni. Alijiona mshindi. Alitamani Sadock awe pale aone. Alipotoka, Redempta alikuwa ameshamsindikiza mgeni, na manyunyu yalikuwa yameanza kudondoka. Mwavuli wa Bernadina ulikuwa umeegemea ukuta.

Akauchukua akawafuata mbio. Alipofika kwenye kona ya ua wa minyaa akaisikia sauti ya mkewe upande wa pili, akapunguza mwendo.

"Kwa Sadock utapata, na ni wazuri tu," Redempta alikuwa akisema. "Mwambie nimekutuma mimi. Anajua."

Bernadina alisema haelewi. Kama mbwa wale hawauzwi, kwa nini mzee anawatangaza mji mzima?

"Yeye anawauza, dada. Mimi ndiye siwauzi. Tangu tumzike Tunu, mume wangu alilala ameugeukia ukuta. Mwaka mzima hakusema neno, na chakula mpaka nimlishe. Sasa anaamka, anakula, anagombana na Babati nzima. Nakuomba, niachie hawa mbwa."