Tiki za Bluu Msibani

Ilham alikuwa ameketi mkekani na wanawake waliokuja kwenye msiba wa mama yake, kidole chake kikielea juu ya neno "Zuia" kwenye simu.

Msichana wa Ujerumani ambaye Ilham humfundisha Kiswahili kwa WhatsApp alishasoma habari ya kifo. Tiki za bluu hizo hapo. Hata pole hakuna! Na pole alimfundisha mwenyewe: pole ya mafua, pole ya safari, pole ya kazi. Watu wamepanda milima kutoka Mombo na mvua yote hii, yeye neno moja limemshinda?

"Mbona umenyamaza?" aliandika kwa hasira.

"Kwetu mfiwa tunamwacha kwanza apumzike. Kwenu mnafanyaje?"

"Tunakuja kukaa!"

Simu ikaita, ya video. Ilham akapokea, uso ameukunja.

Msichana alikuwa ameketi sakafuni chumbani kwake, miguu ameinyoosha, amejitanda shuka kichwani.

"Shikamooni," alisema. "Poleni sana."

Ilham alisubiri aongeze neno. Hakuongeza. Wala hakukata simu.

Shangazi yake akachungulia kioo cha simu, akajivuta pembeni, akapapasa mkeka.

"Mweke hapa."