Upande wa Mlangoni

Katuni waliyoinunua kwenye flashi ilihusu kijana aliyegeuzwa nungunungu, na kaka yake aliyemtafuta msitu mzima. Watoto walicheka mpaka wakajishika mbavu. Hironimus hakucheka. Sauti ya dijei aliyeitafsiri kwa Kiswahili, akisimulia juu ya picha, ile inayokwaruza kidogo kila sentensi inapoishia, aliijua.

Mdogo wake aliondoka Songea miaka saba iliyopita, wamegombana, na hakupiga simu hata siku moja.

Kwenye kioo, kaka alipita karibu kabisa na nungunungu asimtambue. Mnyama alisimamisha miiba yake yote, kisha akailaza mmoja mmoja, taratibu, kama anayejiandaa kukumbatiwa.

“Kaka Hiro,” dijei akasema, “bado unalala upande wa mlangoni?”

“Baba, kakutaja!” binti yake akaruka.

Utotoni walilala mkeka mmoja, na mdogo aliogopa fisi. Hironimus ndiye aliyelala mlangoni, ili fisi aanze na yeye.

Alinyanyuka, akaisogelea televisheni mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

“Bado,” akajibu. “Na mlango nimeurudishia tu, mdogo wangu. Sijaufunga.”